Nani Aliupanda Kilimanjaro? Historia ya Kivutio na Watu Wanaokibeba

Mkazi wa Majengo, mjini Moshi, huuona mlima Kilimanjaro bila kulipa kiingilio. Alfajiri, kabla mawingu hayajapanda, Kibo husimama juu ya mapaa ya mabati kikiwa cheupe, na huonekana kiko karibu kuliko kilivyo. Jua likishapanda, mawingu hukifunika na watu huendelea na shughuli zao. Katika mitaa hii, na katika vijiji vilivyo juu yake, wanaishi vijana ambao wamefika zaidi ya mita 4,600 mara nyingi kuliko mtalii yeyote utakayemtaja, wakiwa na mizigo ya watu wengine vichwani na migongoni. Mtaani huitwa wagumu. Hata hivyo, katika hesabu ya waliopanda Kilimanjaro hawamo. Cheti hupewa mteja aliyefika ukingo wa kreta au kilele cha Uhuru. Mpagazi kwa kawaida huishia kambi ya mwisho, akilinda hema na kuchemsha maji, akingoja walioitwa wapandaji washuke.

Makala haya ni ya historia, lakini hoja yake ni ya leo. Nasema kwamba Kilimanjaro hakikuwa kivutio kwa sababu ya uzuri wake peke yake. Kilifanywa kivutio kwa maamuzi ya kisiasa yaliyochukua zaidi ya karne moja: nani aangalie, nani abebe, nani aandikwe jina, nani azuiwe kuingia msituni. Maamuzi hayo yana tarehe na yana wenyewe. Kwa kuwa yalifanywa na watu, yanaweza kusahihishwa na watu. Nitaeleza pia kwamba mji wa Moshi umewahi kukabili swali kama hili katika zao la kahawa, na jibu lake linastahili kukumbukwa na kila anayejadili utalii.

Mlima kabla ya watalii

Kitenzi kutalii kilitufikia kutoka Kiarabu, na maana yake ya awali ni kusoma jambo na kulipitia kwa makini. Kwa maana hiyo, watalii wa kwanza wa Kilimanjaro walikuwa Wachaga wenyewe. Waliujua msitu kwa ajili ya asali, mbao na uwindaji. Waliyajua makorongo na vyanzo vya maji, wakachimba mifereji iitwayo mifongo, iliyoshusha maji hadi kwenye vihamba vya migomba. Walikuwa na simulizi ya Kibo na Mawenzi, vilele viwili ndugu: Mawenzi alizoea kwenda kuomba moto kwa Kibo, mpaka Kibo akachoka akampiga, na ndiyo sababu Mawenzi amechongoka na kuvunjikavunjika hadi leo. Jamii inayoeleza umbo la kilele kwa simulizi ya namna hii imekitazama kilele hicho kwa muda mrefu.

Watu wa pwani nao waliujua mlima, maana misafara ya biashara ilipita chini yake. Mmisionari Johannes Rebmann, aliyekuwa na kituo Rabai karibu na Mombasa, hakuugundua Kilimanjaro kwa kupotea njia. Alipelekwa na msafara ulioongozwa na Bwana Kheri, mtu aliyeijua njia ya bara. Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann aliona weupe juu ya mlima akauliza ni kitu gani. Kiongozi wake wa njia alimjibu kwa neno moja: baridi. Hakuwa na jina la theluji, lakini alijua kinachompata mtu anayeifikia.

Habari ilipofika Ulaya, mwanajiografia William Desborough Cooley wa London, ambaye hakuwahi kufika Afrika Mashariki, alikataa kwamba theluji inaweza kuwapo karibu na Ikweta. Mabishano yakaendelea kwa miaka zaidi ya kumi, hadi safari za Baron Karl Klaus von der Decken za mwaka 1861 na 1862 zilipoyamaliza. Tuzingatie jambo moja katika mabishano hayo. Yalikuwa kati ya Mzungu aliyeona na Mzungu ambaye hakuona. Aliyesema baridi hakuitwa kutoa ushahidi.

Mwaka 1889 na watu wawili

Ipo hadithi inayopendwa sana na waongozaji watalii, kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Wilhelm mlima huu kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Hadithi hiyo haina ushahidi. Mpaka ulitokana na makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886, ambayo yaliuacha mlima upande wa Wajerumani na Mombasa upande wa Waingereza. Nadhani hadithi ya zawadi hupendwa kwa sababu huufanya ukoloni uonekane kama kichekesho cha familia.

Hans Meyer wa Leipzig alijaribu kupanda mwaka 1887 akashindwa. Mwaka 1888 alirudi, lakini pwani ilikuwa imewaka moto: watu wakiongozwa na Abushiri bin Salim walikuwa wamesimama dhidi ya kampuni ya Kijerumani, na Meyer alikamatwa, akaachiwa baada ya kulipa fidia. Mwaka 1889 alikuja mara ya tatu, pamoja na mpanda milima wa Austria, Ludwig Purtscheller. Walipokewa Marangu na Mangi Mareale. Tarehe 6 Oktoba wakafika kileleni, Meyer akasimika bendera na kukiita kilele hicho kwa jina la Kaisari Wilhelm. Alichukua jiwe, na kipande chake akampa Kaisari, nacho kikawekwa katika kasri lake la Potsdam. Tarehe 15 Desemba mwaka huohuo, Abushiri alinyongwa Pangani. Matukio haya mawili hufundishwa kama masomo tofauti, moja likiwa la michezo na jiografia na jingine la vita. Kwa kweli ni sura moja ya historia: nchi inatekwa kwa kamba ya kunyongea na kwa bendera ya kileleni, katika miezi mitatu ileile.

Je, walikuwa wawili tu? Katika kambi ya juu, kwenye baridi kali, alibaki mtu wa Pangani aitwaye Mwini Amani. Ndiye aliyelinda hema wakati Meyer na Purtscheller wanapanda. Bila yeye pasingekuwa na mahali pa kurudi. Chini yake walikuwapo wengine waliopandisha chakula na kuni. Miaka 100 baadaye, mwaka 1989, kamati ya maadhimisho iliamua kuwatunukia vyeti wapagazi na waongozaji wa msafara huo, wengi wao wakiwa wamekwisha kufariki. Marangu alipatikana mzee mmoja, Yohani Kinyala Lauwo, ambaye kamati iliamini alikuwamo. Mzee hakujua umri wake na hakumkumbuka Meyer. Alichokumbuka ni kwamba aliupanda mlima mara kadhaa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na kwamba hakuvaa viatu. Alifariki mwaka 1996.

Wanahistoria wamebishana kama kweli Lauwo alikuwa na Meyer, na mjadala huo ni halali. Lakini kuwapo kwake kwenyewe kunatufundisha. Msafara wa wapanda milima wawili una kitabu, ramani, picha na jiwe. Wapagazi wao, ili wapate cheti, iliwalazimu kusubiri karne nzima na kutegemea kumbukumbu ya mzee mmoja. Ukosefu wa ushahidi hapa ni matokeo ya uamuzi wa nani aliyestahili kuandikwa.

Majina yaliyobaki juu

Anayepanda leo hupita katika orodha ya majina. Kuna pango la Hans Meyer. Kuna Gillman, jina la mhandisi wa reli. Kuna Stella, mke wa mpandaji mmoja wa mwaka 1925. Kuna kreta ya Reusch, mmisionari wa Kilutheri. Kuna barafu za Rebmann, Decken, Kersten na Furtwängler. Sipendekezi yafutwe yote. Jina la mahali ni ushahidi, na anayefuta ushahidi hupoteza nafasi ya kuuliza maswali.

Lakini yapo majina yaliyobadilishwa, na mabadiliko hayo yanasahaulika. Njia ya Marangu ilikuwa na kibanda cha Bismarck na juu yake kibanda cha Peters. Carl Peters ndiye aliyezunguka na mikataba ya ulaghai kuanzia mwaka 1884. Alipokuwa kamishna hapa Kilimanjaro, aliwanyonga watumishi wake wa Kiafrika, Mabruk na msichana aliyeitwa Jagodja. Hata serikali yake mwenyewe ilimfukuza kazi mwaka 1897. Mtu huyo ndiye aliyepewa heshima ya kuwa na kibanda mlimani. Baada ya Uhuru kibanda cha Bismarck kikawa Mandara, jina la pili la Mangi Rindi wa Moshi, na cha Peters kikawa Horombo, mtawala mashuhuri wa upande wa Rombo. Kilele cha Kaisari kikawa Uhuru. Usiku wa Uhuru, Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera na mwenge juu yake, akitimiza azma ambayo Mwalimu Nyerere aliitamka mwaka 1959, ya kuwasha mwanga juu ya Kilimanjaro uangaze mpaka nje ya mipaka yetu.

Mtalii hulala Mandara usiku wa kwanza na Horombo usiku wa pili. Ni wangapi huambiwa Mandara alikuwa nani? Mwanawe, Mangi Meli, aliwashinda Wajerumani vitani mwaka 1892, wakarudi mwaka uliofuata na kumshinda. Tarehe 2 Machi 1900 walimnyonga Old Moshi pamoja na viongozi wengine. Familia yake imeshikilia kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, na mjukuu wake, Isaria Meli, alikitafuta kwa miongo mingi. Mwaka 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeyahusisha baadhi ya mafuvu yaliyoko huko na familia zilizo hai Tanzania, likiwamo la Akida, mshauri wa Meli. La Meli mwenyewe halikuwa miongoni mwao. Old Moshi iko mwendo mfupi kutoka mjini, na mahali aliponyongwa Meli panajulikana. Hata hivyo magari mengi ya watalii huelekea maporomoko ya Materuni au chemchemi za Chemka, yakiacha nyuma mahali ambapo historia ya mji huu iligeuka.

Mji, msitu na mipaka

Moshi tunayoijua ni mtoto wa reli. Njia kutoka Tanga ilifika mwaka 1911, makao ya utawala yakashuka kutoka Old Moshi hadi tambarare, na mji mpya ukapangwa kwa rangi za watu. Wazungu walikaa upande wa juu wenye miti na hewa nzuri, mahali ambapo leo, kwa kejeli ya historia, panaitwa Shanty Town. Wahindi walikaa kwenye maduka ya katikati. Waafrika walipewa maeneo yao, na Majengo ni moja ya majina hayo. Utalikuta jina hilohilo Mombasa, Nairobi na kwingineko katika Afrika Mashariki, karibu kila mahali likimaanisha sehemu ambako wenye nguvu kazi walijijengea. Mandhari ya mlima ilionekana kutoka pande zote za mji, lakini kuitazama ukiwa umekaa barazani na kuitazama ukienda kibaruani si jambo moja.

Juu, msitu nao ulichorewa mipaka. Wajerumani walitenga hifadhi mwanzoni mwa karne ya 20, na Waingereza wakatangaza msitu wa akiba mwaka 1921. Mwaka 1941 ulitengwa ukanda wa nusu maili ili wananchi wapate kuni, majani ya mifugo na mbao, na hadi leo wenyeji huuita nusu maili. Hifadhi ya Taifa ikaanzishwa mwaka 1973, ikafunguliwa rasmi mwaka 1977, na UNESCO ikaiweka katika Urithi wa Dunia mwaka 1987. Mwaka 2005 mipaka ya hifadhi ilishushwa kuujumuisha msitu wa akiba.

Sibishi haja ya kuhifadhi. Msitu ule ndio unaotunyeshea mvua na kujaza mito yetu, na ukiharibiwa, tambarare yote itakauka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba asilimia 85 ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912 ilikuwa imetoweka kufikia mwaka 2007, na barafu hiyo haikuyeyushwa na mama mwenye mzigo wa majani. Ninachosema ni kwamba kila mpaka ulipochorwa, mwenyeji alibadilishwa cheo. Alianza kama mwenye mlima, akawa jirani wa mlima, na hatimaye akawa mtu anayehitaji kibali. Njia halali iliyobaki wazi zaidi kwa kijana asiye na fedha kuingia juu ni kubeba mzigo wa anayezo.

Somo la kahawa

Hapa ndipo historia ya Moshi inapotusaidia. Katika miaka ya 1920 walowezi wa Kizungu hawakutaka Wachaga walime kahawa. Walidai mashamba ya Waafrika yataeneza magonjwa ya mimea, lakini hofu yao kubwa ilikuwa kupoteza vibarua, kwa sababu mwenye kahawa yake hana haja ya kuchuma ya mwingine. Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, Kilimanjaro Native Planters Association, kikiongozwa na Joseph Merinyo. Kiliposambaratika kwa migogoro na shinikizo la serikali, mwaka 1933 ikaundwa KNCU, muungano wa vyama vya msingi uliouza kahawa ya wakulima wadogo kwa pamoja.

Tusiipambe historia hiyo. Mwaka 1937 wakulima wenyewe walifanya vurugu wakipinga kulazimishwa kuuza kupitia KNCU tu. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na serikali, vikaja kurudishwa miaka ya 1980. Kumekuwapo madeni na viongozi wasio waadilifu. Pamoja na hayo, ushirika ulibadilisha swali la msingi. Mkulima mmoja mwenye gunia moja hawezi kujadili bei na mnunuzi. Wakulima maelfu wanaweza. Shule nyingi za mlimani zilijengwa kwa jibu hilo.

Mpagazi wa leo yuko mahali alipokuwa mkulima wa 1924. Ajira yake hudumu siku 5 hadi 8, kisha huanza upya. Anasimama langoni Marangu, Machame au Umbwe akisubiri jina lake litajwe, akijua kwamba akibishania malipo yuko mwingine nyuma yake. Kanuni ya kilo 20 kwa mpagazi ipo, na mizani ipo langoni. Kinachopungua ni nguvu ya kudai baada ya mizani. Bakshishi, ambayo ingekuwa nyongeza, imegeuka sehemu kubwa ya kipato, nayo hupita katika mikono kadhaa kabla ya kumfikia. Tangu mwaka 2003 upo mradi wa kusaidia wapagazi, na vyama vyao vipo, vimefanya kazi ya kuheshimika. Lakini kushawishi kampuni zitende wema ni tofauti na kuwa na sauti katika kupanga bei.

Tuliona udhaifu huo mwaka 2019, serikali ilipotangaza kufikiria kujenga gari la kamba upande wa Machame. Walioliunga mkono walitaja wazee, watoto na wageni wa siku moja. Walioupinga mpango huo walitaja ajira za wapagazi. Pande zote mbili ziliwazungumzia wapagazi, lakini hawakuwa na kiti mezani kama wadau wenye hisa katika biashara yenyewe.

Yanayowezekana

Napendekeza mambo manne, na yote yako ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, vyama vya wapagazi visajiliwe kama ushirika wa kazi, vikiwa na orodha ya wanachama, mkataba mmoja wa kawaida na malipo yanayopita kwenye simu au benki ya mpagazi mwenyewe. Moshi ina Chuo Kikuu cha Ushirika, kilichoanza kama chuo mwaka 1963. Itakuwa ajabu kama mji unaofundisha ushirika kwa nchi nzima utashindwa kuupeleka kilomita chache mlimani.

Pili, mamlaka ya hifadhi iweke wazi langoni, kwa Kiswahili na kwa lugha za wageni, kiwango cha malipo ya mpagazi kwa siku na namba ya kulalamikia. Mteja anayejua kiwango hawezi kuuziwa safari ya bei ya kutupa bila kujua ni nani anayelipia punguzo hilo.

Tatu, cheti. Mpagazi anayemaliza safari aandikwe katika kumbukumbu za hifadhi kwa jina lake kamili, kama mteja anavyoandikwa. Gharama yake ni karatasi na wino. Faida yake ni kwamba mwaka 2089, wajukuu wetu watakapoadhimisha miaka 200 ya safari ya Meyer, hawatalazimika kumtafuta mzee mmoja asiyejua umri wake ili wapate shahidi.

Nne, halmashauri na shule ziitambue Old Moshi kuwa sehemu ya safari ya kila mgeni na kila mwanafunzi. Mtoto wa Majengo afike mahali pa Meli kabla ya kufika maporomoko. Na iwepo siku katika mwaka ambapo wanafunzi wa mji huu wanapanda walau hadi Mandara kwa gharama ya mfuko wa utalii, wakiwa na mizigo yao wenyewe tu.

Wapo watakaosema kwamba kupandisha malipo kutawakimbiza wageni. Hoja hiyo si ngeni mjini Moshi. Walowezi walisema hivyohivyo kuhusu kahawa, kwamba Mwafrika akiwa na sauti biashara itakufa. Kahawa haikufa. Miaka 100 baada ya chama cha Merinyo, swali kwa maofisa wa hifadhi, kwa kampuni na kwa viongozi wa wapagazi ni hili: ni nani ataitisha mkutano wa kwanza?